Kuomba ED vyuo vya Marekani: hesabu za kufanya kabla hujajifunga

Kwenye Common App, fomu ya pamoja ya kuombea vyuo vingi vya Marekani, ukifika pale unapochagua unaomba kwa utaratibu gani, utakutana na vifupisho kadhaa: ED, ED II, EA, REA, RD. Wanafunzi wengi wa kidato cha sita, na wazazi wanaowalipia mtihani wa SAT wa kuombea vyuo hivyo, wameshasikia jambo moja tu kuhusu vifupisho hivyo, kwamba ukiomba ED, yaani ombi la mapema linalokufunga kujiunga, unakubaliwa kirahisi. Kuna ukweli ndani yake. Lakini ED ni biashara ya pande mbili: wewe unaachia haki yako ya kulinganisha bei, na chuo kinakulipa kwa kukuongezea nafasi ya kukubaliwa. Mwongozo huu ni wa kupima kama biashara hiyo inakufaa, hasa kama unaomba ukiwa Afrika Mashariki na nyumbani hawawezi kulipa ada yote.

Hatua ya 1: Jua unachotia saini

ED, yaani Early Decision, ni ombi la mapema linalokufunga. Unaomba chuo kimoja tu kwa njia hiyo, kwa kawaida kabla ya tarehe 1 au 15 Novemba. Majibu hutoka katikati ya Desemba, na ukikubaliwa unatakiwa ujiunge na ufute maombi yako kwingine kote. ED II ni kifungo hichohicho kilichosogezwa mbele: unaomba Januari, unajibiwa Februari.

EA (Early Action) nayo ni ya mapema lakini haifungi. Unapata jibu mapema na una hadi tarehe 1 Mei kuamua. REA (Restrictive Early Action), inayotumiwa na Harvard, Yale, Princeton na Stanford, haikulazimishi kujiunga, ila inakuzuia kuomba mapema vyuo vingine binafsi vya Marekani. Vyuo vya umma na vyuo vilivyo nje ya Marekani vinaruhusiwa, kwa hiyo REA haigusi maombi yako ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere au Nairobi. RD (Regular Decision) ndiyo ombi la kawaida: mwisho ni mwanzoni mwa Januari, majibu ni mwishoni mwa Machi.

Makubaliano ya ED yana saini tatu: ya mwombaji, ya mzazi au mlezi, na ya mshauri wa shule. Shule zetu nyingi hazina mtu mwenye cheo hicho cha tatu, hivyo anayesaini huwa ni mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule. Usimpelekee jioni ya siku ya mwisho akiwa na madaftari ya kidato cha pili mkononi. Kaa naye, msome pamoja. Mwalimu asiyeelezwa atadhani anathibitisha tu kwamba wewe ni mwanafunzi wake, kumbe anasema kwa jina la shule kwamba anajua umejifunga.

Katika makubaliano hayo kuna sentensi moja ya kuikariri: mwombaji aliyeomba msaada wa fedha, kisha akapewa kiasi ambacho hakimwezeshi kusoma, anaweza kukataa nafasi na akaachiliwa. Huo ndio mlango pekee wa kutokea unaotambuliwa rasmi. Angalia neno "aliyeomba". Asiyeomba msaada hana mlango huo.

Hatua ya 2: Elewa chuo kinatafuta nini kwako

Mtu mmoja akikubaliwa vyuo vingi, vyuo havijui atakwenda kipi; Mtanzania anaujua usumbufu huu kwa upande wa mwanafunzi. Kila mwaka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) huwataka waliodahiliwa vyuo zaidi ya kimoja wathibitishe chuo kimoja, ili nafasi nyingine ziachiwe wengine. Marekani hakuna TCU. Kila chuo kinakubali watu wake bila kujua ni wangapi watakuja. Kikikubali wachache mno, vitanda vya bweni vinabaki vitupu na bajeti inatoboka. Kikikubali wengi mno, kinaanza kutafuta vyumba hotelini.

Kwa hiyo namba inayowakosesha usingizi maofisa wa udahili ni kiwango cha kujiunga: kati ya kila 100 waliokubaliwa, ni wangapi wanakuja kweli. Harvard, Stanford na MIT hupata zaidi ya 80. Vyuo vingi vizuri vilivyo chini yao hupata 20, 30 au 40. Mwombaji wa ED anakuja karibu kwa uhakika, na ndiyo maana anapendwa.

Tazama jinsi hesabu inavyokwenda. Namba hizi ni za mfano tu. Chuo kina nafasi 500, kimepata maombi 9,000 na kimekubali 1,350. Kati ya hao, 800 waliomba ED, wakakubaliwa 270, na tuseme 265 wakaja. Waliobaki 8,200 wa RD walikubaliwa 1,080, wakaja 235. Kiwango cha kujiunga cha RD ni kama 22 kwa 100. Sasa ondoa ED kabisa. Ili kujaza nafasi 500 kwa kiwango cha 22, chuo kingelazimika kukubali watu karibu 2,270, yaani robo ya waombaji wote. Kwa kutumia ED kimekubali asilimia 15 tu. Chuo ni kilekile, walimu ni walewale, lakini mbele ya watu kinaonekana kigumu zaidi kuingia.

Jarida la U.S. News, linalopanga vyuo kwa madaraja, liliacha kutumia kiwango cha kujiunga mwaka 2003, na likaacha kutumia asilimia ya wanaokubaliwa mwaka 2018. Vyuo havikuiacha ED kwa sababu hiyo. Sifa ya ugumu bado inauzika, na uhakika wa bajeti ni jambo kubwa kuliko orodha yoyote ya jarida. Harvard na Princeton zilitangaza mwaka 2006 kwamba zinafuta maombi ya mapema, zikisema yanawapendelea wenye nacho. Mwaka 2011 zikayarudisha, kwa kuwa washindani wao wengi hawakuwafuata.

Ukishaona hesabu hiyo utaacha kuiona ED kama zawadi. Chuo kinanunua uhakika wako. Swali lako ni kama kinaununua kwa bei nzuri.

Hatua ya 3: Fungua Common Data Set ya chuo chako

Hii ni hati ambayo vyuo vingi huitoa kila mwaka katika mpangilio mmoja. Andika jina la chuo na maneno Common Data Set kwenye Google, upakue PDF ya mwaka wa karibuni, kisha uende moja kwa moja kwenye vipengele vifuatavyo.

C1 ina idadi ya walioomba, waliokubaliwa na waliojiunga. C21 ina walioomba ED na waliokubaliwa kwa ED. Toa namba za C21 kwenye za C1, upate picha ya RD kama tulivyofanya juu. Halafu gawanya waliokubaliwa ED kwa waliojiunga wote. Kwenye mfano wetu ni 270 kwa 500, zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba kufikia Januari, anayeomba RD anagombania chini ya nusu ya viti.

Usiikimbilie asilimia ya ED bila kuichuja. Ndani ya wale 270 wamo wanamichezo ambao makocha walishawaandikia nafasi tangu kiangazi, na katika vyuo vingi wamo pia watoto wa waliosoma hapohapo. Hati haiwatenganishi. Ukiona ED ni 34 kwa 100 na RD ni 13, tofauti inayobaki kwa mwombaji wa kawaida kutoka Mwanza au Eldoret ni ndogo kuliko inavyoonekana. Bado ipo. Wachumi waliochunguza mafaili ya udahili ya miaka ya 1990 walikuta kwamba kuomba mapema kulimnufaisha mwombaji sawa na kuongeza kama alama 100 za SAT. Lakini ED haimbebi mwanafunzi ambaye alama zake ziko mbali chini ya za wanaokubaliwa.

Kipengele ambacho waombaji wa nje huwa wanakiruka, na ndicho chenye thamani zaidi kwao, ni H6. Kinaonyesha chuo kinawapa msaada wanafunzi wangapi wasio raia wala wakazi wa kudumu, na wastani wa dola kwa kila mmoja. Chukua idadi hiyo uigawanye kwa jumla ya wanafunzi wa namna hiyo iliyopo kwenye B2. Ukipata kwamba 8 kati ya 10 wanasaidiwa, na wastani unakaribia gharama zote za mwaka, hapo kuna mahali pa kuweka ED. Ukikuta 1 kati ya 10, au wastani wa dola 20,000 katika chuo ambacho mwaka mmoja unagharimu zaidi ya dola 85,000, funga hiyo PDF uende kwingine, hata kama picha za kampasi ni nzuri namna gani.

Hatua ya 4: Pesa, kabla ya kitu kingine chochote

Vyuo viko vya aina mbili kwa mwombaji wa nje. Vipo visivyoangalia uwezo wako wa kulipa wakati wa kuamua, na ukikubaliwa vinaziba pengo lote. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Dartmouth na Bowdoin walitangaza sera hiyo mwaka 2022, na Brown wameianza kwa wanafunzi walioingia 2025. Katika hao, wenye ED ni Amherst, Bowdoin, Brown na Dartmouth. Kwa mtoto anayehitaji kila kitu, na mwenye alama za kufika huko, hii ndiyo orodha ninayoiona salama zaidi: hatari ya kufungwa na bili usiyoiweza ni ndogo.

Aina ya pili, ambayo ndiyo kubwa, inaangalia mfuko wako. Fungu la wanafunzi wa nje lina kikomo, na kila unachoomba kinakatwa humo. Kwenye raundi ya ED fungu bado limejaa, na chuo kinajua kwamba dola kikikupa haitapotea kwa mtu atakayekwenda kwingine. Hapo ED inaweza kukusaidia kwelikweli. Lakini pia ndipo unapoweza kupewa kiasi kisichotosha huku huna kitu kingine cha kulinganisha. Aliye na barua tatu mwezi Aprili anaweza kumwandikia ofisa wa fedha na kusema fulani amenipa zaidi. Wewe wa Desemba una barua moja.

Andikia ofisi ya msaada wa fedha mwezi Agosti au Septemba, kwa barua pepe fupi yenye maswali machache. Je, kuomba msaada kunaathiri uamuzi wa kunikubali? Nikikubaliwa, mnaziba pengo lote au sehemu? Ndani ya msaada kuna mkopo, na kama upo, anaweza kuupata mtu asiye na mdhamini Marekani? Je, mnahesabu bima ya afya, vitabu na nauli ya ndege? Hilo la mwisho si dogo. Bima peke yake inaweza kuwa maelfu ya dola kwa mwaka, na tiketi ya Dar hadi Boston hailipwi kwa maombi ya jumuiya.

Kuna ushauri mbaya unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: usiombe msaada mwanzoni, ingia kwanza, utaomba ukishafika. Kwa wanafunzi wa nje, vyuo vingi vina kanuni kwamba asiyeomba wakati wa udahili haombi tena kwa miaka yote minne. Na kwenye ED, kama tulivyoona, unakuwa umejifungia mlango wa kutokea pia.

Fomu ya fedha kwa kawaida ni CSS Profile, inayofunguliwa tarehe 1 Oktoba. Unaijaza kwa sarafu ya nyumbani. Kazi ngumu ni ushahidi. Baba mwenye hati ya mshahara ni rahisi. Mama anayeuza mitumba Mchikichini au baba mwenye shamba la kahawa hana karatasi hizo, kwa hiyo anza mapema kukusanya unachoweza: taarifa ya M-Pesa au ya benki ya miezi 12, hati ya malipo ya TRA kama ipo, barua ya serikali ya mtaa, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayosema pesa huingia vipi na msimu gani. Watoto wengine wanaosomeshwa na kipato hicho watajwe kwa idadi na ada zao. Ada ya fomu yenyewe baadhi ya vyuo huisamehe ukiomba. Vingine vina fomu yao ya bure.

Kama wewe ni mtoto wa familia iliyohamia Minnesota, Ohio au Texas, na una uraia au kadi ya kijani, mambo ni mepesi kidogo. Unajaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali ya Marekani, na karibu kila chuo kinalazimika kisheria kuwa na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake tangu 2011. Kaa na wazazi, weka namba za kodi za kweli, chapisha matokeo na uyahifadhi. Usiombe ED penye namba ambayo mzazi anaitazama na kunyamaza. Angalia pia shirika la QuestBridge, lenye njia yake ya mapema kwa familia za kipato cha chini, ambayo maombi yake hufungwa mwishoni mwa Septemba.

Hatua ya 5: Pangilia kalenda ya kwetu na ya kwao

Mtanzania wa kidato cha sita yuko mahali pazuri: Novemba yuko katikati ya mwaka, ana matokeo ya kidato cha nne na ripoti za kidato cha tano. Mtihani wa Mei na matokeo ya Julai vinakuja baadaye, na chuo hutaka tu kuona hukuporomoka. Mkenya wa KCSE ana balaa lake, kwani tarehe 1 Novemba inamkuta ndani ya chumba cha mtihani. Ama umalize insha na barua za walimu kufikia mwisho wa Agosti, ama uache ED ya kwanza na ulenge ED II ya Januari.

SAT ifanywe Agosti au Oktoba. Vyuo kadhaa vilivyoiacha wakati wa korona vimeirudisha, MIT mwaka 2022, kisha Dartmouth, Yale, Brown na Harvard mwaka 2024, kwa hiyo usichukulie kwamba haihitajiki. Muda wa mwisho wa Common App huhesabiwa kwa saa za mahali ulipo: saa 5:59 usiku ya Dar au Nairobi. Usipange kutumia dakika hizo. TANESCO hawana habari na ED.

Ofisi za EducationUSA kwenye balozi za Marekani zinashauri bure. Wakenya wenye alama za juu kabisa waulizie pia KenSAP, mpango unaowasaidia Wakenya kuomba vyuo vya Marekani.

Hatua ya 6: Amua, na kama si ED, onyesha nia kwa njia nyingine

Omba ED kama mambo haya yote ni kweli: chuo hicho ungekichagua hata kama vingine vyote vingekukubali, H6 na majibu ya ofisi ya fedha yameonyesha bei mnayoiweza, na mzazi amesoma makubaliano, si kusaini tu. Likikosekana moja, nenda EA au RD. Kulenga ED mahali ambapo hukupapenda, eti kwa sababu asilimia ni nzuri, ni kujitafutia miaka minne ya kuangalia kalenda.

Asiyetumia ED bado anaweza kukipa chuo uhakika kidogo. Kwenye kipengele C7 cha Common Data Set kuna mstari unaosema kama chuo kinazingatia nia iliyoonyeshwa na mwombaji. Kama kinazingatia, jiandikishe kwenye vikao vyao vya mtandaoni, fungua barua pepe zao, kubali mahojiano wakikupa, na insha ya "kwa nini hapa" iwe na jina la kozi na la mwalimu. Kama C7 inasema hawazingatii, usipoteze bando.

Hatua ya 7: Desemba na baada yake

Ukikubaliwa, soma barua ya fedha kabla ya kupiga vigelegele. Jumlisha kila kitu, toa ruzuku, angalia kilichobaki kwa mwaka, zidisha mara nne. Kikiwa kinawezekana, lipa amana au omba usamehewe, kisha futa maombi mengine yote wiki hiyohiyo.

Kikiwa hakiwezekani, usikimbilie kukataa na usinyamaze. Andika kwa ofisi ya fedha, eleza pengo kwa namba, ambatanisha ushahidi mpya, uombe waangalie upya. Wakishindwa, omba kwa maandishi kuachiliwa kwa sababu ya fedha, na nakala impate mwalimu aliyesaini. Hakuna chuo kitakachokupeleka mahakamani Kisutu kwa kuvunja ED, lakini kuondoka tu bila sababu ya fedha kuna anayelipia. Mwaka 2025 iliripotiwa kwamba Chuo Kikuu cha Tulane kiliizuia shule moja ya Colorado kutumia ED kwa mwaka mzima baada ya mwanafunzi wake kujitoa. Shule ya Moshi inayotuma mwombaji mmoja kila baada ya miaka miwili haiwezi kubeba doa hilo. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, vyuo zaidi ya 30 vilishtakiwa katika mahakama ya shirikisho huko Massachusetts kwa madai kwamba ED inazuia ushindani na kupandisha bei. Hadi sheria ibadilike, chukulia kwamba saini yako ina uzito.

Ukiahirishwa, umefunguliwa. Ombi lako linahamia RD na huna deni nao. Tuma barua fupi ya kusema bado unawataka kama ni kweli, pamoja na matokeo ya muhula, halafu malizia maombi mengine. Ukikataliwa, ED II bado iko wazi kwa wiki mbili tatu, na hesabu za hatua ya 3 na ya 4 zinaanza upya kwa chuo hicho kingine.

Jambo la viza liangalie kabla ya Novemba, si baada. Tangu Juni 2025 Marekani imeweka vizuizi kwa viza za wanafunzi wa baadhi ya nchi, Burundi ikiwemo, na orodha ikapanuliwa Desemba mwaka huohuo. Tafuta nchi ya pasipoti yako kwenye orodha ya siku unayoomba. Kama imo, iulize ofisi ya udahili kwa barua pepe kama wanakubali kukuahirishia kuanza kwa mwaka mmoja huku msaada wako ukibaki palepale, na jibu lao ulihifadhi pamoja na makubaliano ya ED.